Lango la nyumbani

Baina ya alasiri na magharibi, vijana wetu hapa Kisawasawa hubishana: ubingwa huletwa na washambuliaji au na walinzi? Wengi huwapa taji wafungaji, kwani bao hushangiliwa, ilhali hatari iliyozuiwa haina kelele.

Tuzitazame fainali tatu za Afrika. Mwaka 1993 Simba ilitoka suluhu na Stella mjini Abidjan, kisha ikafungwa 2-0 Dar es Salaam. Mwaka 2023 Yanga ilikuwa na Fiston Mayele, mfungaji bora wa Kombe la Shirikisho kwa mabao 7. Ilifungwa 2-1 na USM Alger jijini Dar es Salaam, ikashinda 1-0 Algiers, na kombe likapotea kwa kanuni ya bao la ugenini. Mwaka 2025 Simba ilifungwa 2-0 Berkane, ikatoka sare ya 1-1 Zanzibar.

Katika kila fainali palikuwa na siku moja ambayo lango letu liliingiwa mara mbili, na siku hiyo ikaamua kombe. Hata hivyo, ulinzi peke yake hautoshi: mwaka 1993 lango lilisalimika Abidjan, lakini mechi mbili zikapita bila bao. Shambulio hukupa cha kulinda. Ulinzi hukuachia ulichokipata.

Hatulinganishi mchezo na jihadi, bali twachukua ibra. Katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria, Mtume (s.a.w.) aliweka wapiga mishale 50 mlimani na kuwaamuru wasiondoke, ushindi uje au usije. Wengi wao walipoziona ngawira waliteremka, na adui akapita nyuma. Pengo lilifunguka pale ushindi ulipodhaniwa umekamilika.

Mkulima wa Kilombero anaijua hali hii. Hulima, hupanda na kupalilia. Lakini mpunga ukitoa masuke asiamie ndege, atavuna makapi. Ajabu ni kwamba aliyeulinda mpunga shambani huuacha wazi ukishafika nyumbani. Magunia yote huuzwa kwa bei ya mavuno, fedha nyingine huishia kwenye mikeka ya kubashiri mechi, jambo ambalo ni kamari na ni haramu. Masika yakifika, mama watoto anakopa mchele dukani.

Basi mavuno yakiingia, baba na mama waketi pamoja kabla mnunuzi hajabisha hodi. Aliyefikisha nisabu atoe zaka: sehemu ya kumi kwa shamba la mvua, nusu yake kwa la kumwagilia kwa gharama. Kisha yatengwe magunia ya chakula, ya mbegu na ya mahitaji ya shule. Yaliyobaki ndiyo ya sokoni. Watoto nao washuhudie hesabu hiyo, wajifunze kwamba kulinda riziki ni sehemu ya kuishukuru.

Wallahu a'lam.