Hisa za Dawa Isiyothibitishwa: Kinachouzwa ni Habari

Mkazi wa Bunju anayetaka kuelewa hisa ni nini hana haja ya kwenda mbali. Pale Wazo, jirani na Tegeta, kipo kiwanda cha saruji cha Twiga, ambacho hisa zake zimeorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam tangu mwaka 2006. Malori hutoka yamebeba mifuko, hesabu hutangazwa kila mwaka, na faida ikipatikana mwenye hisa hutarajia gawio. Mnunuzi anaweza kukosea kuhusu bei, lakini ni vigumu kumdanganya kwamba saruji ipo wakati haipo.

Mialiko inayozunguka katika simu za watu ni ya namna nyingine. Hutaja kampuni ndogo ya ng'ambo, ambayo hisa yake moja haifikii bei ya soda, na ambayo eti iko karibu kutangaza tiba ya saratani au ya kisukari. Nunua sasa, husema, kabla dunia haijajua. Nchini Marekani hisa zinazouzwa chini ya dola 5 kwa kawaida huhesabiwa kuwa za hatari zaidi, kwa kuwa nyingi huuzwa nje ya masoko makubwa na taarifa za kampuni zake ni haba. Ulaghai wenyewe ni wa zamani: wachache hununua kwa bei ya kutupwa, hupiga tarumbeta, umma hukimbilia, bei hupanda, nao huuza na kuondoka. Korona ilipoenea mwaka 2020, mamlaka ya Marekani inayosimamia masoko ya mitaji ilisimamisha kwa muda biashara ya hisa za kampuni zaidi ya 30, nyingi kati yake zikihusishwa na madai ya vipimo, kinga au tiba.

Kwa nini dawa hasa? Kwa sababu uthibitisho wake huchukua miaka, na mtu wa kawaida hana namna ya kuukagua. Kati ya dawa 10 zinazoanza kujaribiwa kwa binadamu, takriban 9 haziidhinishwi kamwe. Hivyo kampuni inaweza kuishi muda mrefu bila kuuza hata kidonge kimoja, huku waasisi wake wakineemeka kwa kuuza hisa. Bidhaa yao halisi ni habari. Dawa ikishindwa baadaye, aliyeuza mapema amekwisha kulipwa.

Jambo hili si geni katika barabara yetu. Daladala inayotoka Bunju kwenda Mwenge hupita Lugalo, ilipo hospitali ya jeshi. Hapo, mwaka 2000, lilifanyika jaribio la Virodene, dawa iliyodaiwa kutibu UKIMWI. Ilianzia Afrika Kusini, ambako Januari 1997 watafiti wake waliingizwa hadi katika baraza la mawaziri na kupokewa kwa shangwe. Kiini chake kilikuwa kiyeyushio cha viwandani kinachoweza kudhuru ini. Chombo cha kudhibiti dawa cha nchi hiyo kilikataa kuruhusu majaribio kwa binadamu. Wanahisa wa kampuni, kabla dawa haijathibitika kuponya mtu yeyote, walikuwa tayari wanagombana mahakamani. Ndipo ikaletwa kwetu. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, haikutoa kibali, na jaribio likaendelea hata hivyo. Dawa hiyo haikuonyesha kuwa inatibu.

Miaka michache kabla yake Kenya ilikuwa imepitia hayo. Mwaka 1990 Rais Moi mwenyewe alizindua Kemron, iliyotangazwa na taasisi ya utafiti wa tiba ya nchi hiyo, KEMRI, na wagonjwa wakasafiri kutoka mbali kwenda Nairobi kuitafuta. Baadaye jaribio makini lililofanyika Uganda kwa wagonjwa zaidi ya 500, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 1998, halikuona faida yoyote. Msomaji azingatie hili: kampuni ya Texas iliyokuwa nyuma ya njia hiyo ya tiba, Amarillo Biosciences, iliwauzia umma hisa zake mwaka 1996, miaka 6 baada ya sherehe ya Nairobi. Baadaye hisa hizo zikawa za senti, na mwaka 2013 kampuni ikaomba mahakamani kinga ya mufilisi. Sidai kwamba wote waliohusika walikuwa matapeli. Wapo walioamini kwa dhati, na huenda hao ndio wa kuogopwa zaidi, kwa sababu wanashawishi bila kusitasita.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2409, inalihesabu kuwa kosa la kimaadili tendo la kuchezea bei kwa hila ili kujinufaisha kwa hasara ya wengine. Wanaosambaza mwaliko katika kundi la jumuiya nao wanahusika, hata kama hawapati senti. Jina la jirani mwaminifu ndilo linaloufanya uaminike. Mwaka 2009 tuliona DECI ikianguka, nayo ilikuwa imetumia lugha tamu ya kupanda na kuvuna ambayo waamini waliizoea kanisani.

Katika Bunju fedha hizo hutoka kwenye kiinua mgongo, kwenye mgawo wa VICOBA, au kwenye kiwanja kilichouzwa. Mara nyingi anayevutwa na hisa ya dawa ya kisukari ana mgonjwa wa kisukari nyumbani. Kabla ya kutuma fedha, aulize Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana kama muuzaji ana leseni, na aulize TMDA kama dawa hiyo imesajiliwa. Maswali hayo mawili hayahitaji elimu ya uchumi wala ya famasia. Muuzaji akijibu kwamba usajili uko njiani, basi mnunuzi ajue kwamba analipia safari hiyo, na kwamba Virodene haikuwahi kufika.