Tusingoje Ufa Uwe Pengo

Wahenga walituasa kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Wasia huo unatuhusu sana sisi wa Dodoma na nyanda za kati, ambako Taifa limetumia fedha nyingi kujenga ofisi za Serikali, barabara, na reli ya kisasa ambayo safari zake kutoka Dar es Salaam zilizinduliwa rasmi Agosti 1, 2024. Kujenga tumejitahidi. Je, kutunza?

Mazingira yetu hayana huruma. Reli ya zamani ilikatwa na mafuriko kati ya Kilosa na Gulwe mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, na treni zikakwama kwa miezi. Dodoma ipo jirani na Bonde la Ufa, na Novemba 2002 ilitikiswa na tetemeko. Udongo wetu mweusi wa mbuga nao huvimba masika na kunywea kiangazi, ukipasua kuta.

Mama anayenunua chungu sokoni hukigonga kwanza. Chenye ufa, hata usioonekana, hulia vingine. Daraja nalo ni hivyo hivyo: likidhoofika, mtetemo wake hubadilika, na vyombo vilivyofungwa humo huweza kulitambua hilo kabla ya jicho. Katika tuta la bwawa, maji machache yanayovuja yakiwa safi huenda yasiwe hatari; yakianza kutoka na matope, tuta linaliwa kwa ndani. Vipo vyombo vya kupima msukumo wa maji ndani ya tuta.

Hapa ndipo tunapowaita vijana wa Chuo Kikuu cha Dodoma na vyuo vingine vya uhandisi. Bwawa la Hombolo la mwaka 1957, Bwawa la Mtera, na madaraja ya reli ni darasa tosha. Joto la mchana na baridi ya usiku pia hubadilisha vipimo. Ni lazima tujue mabadiliko gani ni ya hali ya hewa na yapi ni ya ugonjwa. Jibu hilo haliagizwi kutoka Ulaya. Hupatikana kwa kupima hapa hapa, masika na kiangazi, miaka kadhaa mfululizo. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, yenye makao yake hapa Dodoma, inaweza kushirikiana nao kuhusu matetemeko.

Lakini utafiti usiosikilizwa ni sawa na bure. Daraja la Morandi mjini Genova, Italia, lilianguka Agosti 14, 2018 na kuua watu 43. Mwaka uliotangulia, watafiti wa chuo kikuu cha Milano walikuwa wameona dalili zisizo za kawaida na kushauri vifungwe vyombo vya kudumu vya kulipima.

Kwa hiyo tunashauri mambo matatu. Mikataba ya ujenzi mkubwa itenge fedha za vyombo vya kupimia na za mafundi wa kuvitunza. Vipimo vifikishwe vyuoni, visifungiwe makabatini. Na kila mtafiti anapotoa onyo, mwenye dhamana apewe siku maalumu za kujibu kwa maandishi.

Mali hii ni ya umma, na wanaopita juu yake ni wananchi. Tuigonge kama chungu, tuisikilize, na tukisikia ufa tuuzibe.