NYUMBA ZA USHIRIKA NA SHAMBA LA MBALI



Shauri la kujenga nyumba kwa ushirika limetufikia kutoka kwa wafanyi kazi wengi wa Nairobi, nasi tunaliunga mkono. Kila jamaa awe na nyumba yake ndogo, lakini jiko kubwa, mahali pa kufulia, chumba cha kulelea watoto na tangi la maji viwe vya wote. Huko Denmark jamaa 27 walianza kukaa hivyo Sættedammen mwaka 1972. Karibu zaidi, wazee waliokaa Kaloleni, iliyojengwa miaka ya 1940, wanajua faida ya nyumba zinazotazamana uwanjani na ukumbi mmoja wa wote.

Lakini Kaloleni ilikuwa na jambo la pili: mtu aliweza kwenda Industrial Area kwa miguu.

Shamba tunaloonyeshwa sasa liko uwanda wa Athi, kupita Mlolongo. Bei ni rahisi, na tuulize kwa nini. Udongo ni ule mweusi, unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Msingi lazima uchimbwe mpaka chini penye ugumu. Maji ya visima vingi vya huko yana floridi nyingi, nayo hutia meno ya watoto rangi ya kahawia. (Picha za dalali, bila shaka, zilipigwa wakati wa majani mabichi.) Haya mawili twaweza kuyashinda. Wengi wakichanga, fundi mzuri wa msingi na tangi kubwa la maji ya mvua si mzigo.

Njia ndiyo inayotutia shaka. Mfanyi kazi atokaye saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa tatu usiku atashika zamu gani jikoni? Faida ya kukaa pamoja hupatikana jioni, na jioni zetu zitaishia katika foleni ya Mombasa Road. Tena mkopo una mwisho, nauli haina.

Wako wasemao kwamba ardhi ya karibu hatuiwezi. Ni kweli, kwa mtu mmoja atakaye kiwanja chake. Lakini tukijenga ghorofa, eka moja karibu na reli yaweza kutosha jamaa wengi.

Kabla ya kulipa hata senti moja ya arabuni, kamati iende huko siku ya kazi, kwa matatu, si kwa gari la dalali. Itoke Industrial Area saa kumi na moja jioni, iandike saa ya kufika na nauli iliyolipa. Hesabu hiyo tutaichapa hapa.