Bibi wa Kinyamaseke na Mashujaa wa Roma

Juma hili safu yetu inamjibu askari mmoja wa polisi aliyepangiwa kazi upande wa Bwera, naye ni mwenyeji wa mashariki ya Uganda. Jina lake tunalihifadhi. Ameoa binti wa Kikonzo wa Kinyamaseke, na kila likizo watoto wao huenda kukaa kwa bibi yao mzaa mama. Malalamiko yake ni haya: watoto wamerejea kambini wakisimulia habari za nyoka mkubwa akaaye mtoni, na za kiumbe nusu mtu mwenye jicho moja na mguu mmoja. Mdogo wao sasa hataki kwenda kuteka maji peke yake. Baba amepiga marufuku hadithi hizo nyumbani mwake. Mama watoto amenuna, maana aliyetukanwa ni mzazi wake. Na wakati huo huo kijana mkubwa amekuja na kitabu cha shule kinachoeleza mashujaa, miungu na mazimwi ya Warumi wa kale, na baba akakisifu kuwa hiyo ndiyo elimu. Bwana huyu anauliza iwapo amekosea.

Nitamjibu kwa heshima apaswayo mlinzi wa raia, wala sitamficha. Amekosea, tena si kidogo.

Na tuanze na hicho kitabu alichokisifu. Mshairi mkuu wa Warumi alikuwa Virgil, aliyefariki mwaka 19 kabla ya Kristo akiwa hajamaliza kuusahihisha utenzi wake, Aeneid, wenye vitabu 12. Inasemekana aliagiza uchomwe moto, naye Kaisari Augustus akakataa. Shujaa wake ni Aeneas, askari wa Troy, mwana wa mungu wa kike Venus. Mji wake unapotekwa, anambeba baba yake mzee mgongoni na kumshika mwanawe mkono, wakatoka katikati ya moto. Kisha anasumbuka baharini miaka mingi kwa chuki ya Juno, mke wa mfalme wa miungu. Njiani kuna ndege wenye nyuso za wanawake wanaochafua chakula mezani. Kuna jitu Polyphemus, mla watu, mwenye jicho moja katikati ya paji la uso. Kuna mbwa mwenye vichwa vitatu alindaye mlango wa kuzimu, ambaye hulazwa usingizi kwa andazi la asali lililotiwa dawa.

Sasa namwuliza mwandishi wa barua: jicho moja la Polyphemus lina elimu gani ambayo jicho moja la kiumbe wa mama mkwe wako halina?

Kiumbe huyo ana jina. Wakonzo humwita Kalisa, nusu mwili, jicho moja, sikio moja, mguu mmoja, na wazee wao hawakumhesabu kuwa zimwi tu bali mmoja wa wakuu wa ulimwengu wa roho, pamoja na Nyabarika, mwenye uwezo wa kuua, kuponya na kutoa uzazi. Waliwajengea vibanda vidogo vya kuwekea sadaka. Juu yao wote, penye theluji ya Rwenzori, anakaa Kitasamba. Theluji yenyewe huitwa nzururu, na ndilo neno lililomo ndani ya jina Rwenzururu. Wapo wasemao nzururu ndiyo baba wa Kitasamba na Nyabibuya, walinzi wa uhai wa binadamu. Wengine husema Nyabibuya ni mke wa Kitasamba. Wasimulizi hawapatani, kama vile washairi wa Roma nao hawakupatana juu ya miungu yao, na hakuna mwalimu aliyekitupa kitabu kwa sababu hiyo.

Na huyo nyoka wa mtoni ni Ndyoka. Jina halihitaji mkalimani. Mnamo tarehe 1 Mei 2013 mto Nyamwamba ulifurika na kuteremsha mawe makubwa kutoka mlimani, ukaharibu nyumba, madaraja na hospitali ya Kilembe. Ukafurika tena mwaka 2014, na Mei 2020 mito kadhaa ya wilaya ya Kasese ilifanya hivyo kwa pamoja. Wataalamu walitaja mvua kubwa, moto uliounguza uoto wa milimani na makazi yaliyosogea kingoni. Miongoni mwa wenyeji wapo waliosema kwamba wenye mto walikuwa wakipita kuteremka ziwani. Askari aliyekuwa zamu siku kama hiyo hahitaji kuamini nyoka ili aelewe bibi anamwambia nini mjukuu wa miaka sita anaposema usicheze mtoni mvua inaponyesha mlimani. Mtoto hajui vipimo vya mvua. Nyoka anamjua.

Jambo linalonishughulisha zaidi katika habari za Kitasamba ni makao yake. Barafu ya Rwenzori, iliyokuwa takriban kilomita 2 za mraba mwaka 1987, ilikuwa imepungua chini ya kilomita 1 ya mraba mwaka 2003, nayo inaendelea kupungua. Warumi waliiacha miungu yao wenyewe, wakabaki na mashairi. Kitasamba anayeyukiwa na nyumba huku wapo bado wanaomheshimu. Je, wajukuu watamjua kwa njia gani iwapo bibi amenyamazishwa na mkwe wake?

Lakini pengine bwana huyu atasema: Virgil ana shujaa, ana safari, ana vita, ana kisa kirefu chenye mwanzo na mwisho, na bibi ana vitisho tu. Basi avuke mpaka wa Mpondwe kwa fikira. Ng'ambo ya Kasindi wako Wanande, ambao ni ndugu wa Wakonzo, na kusini-magharibi yao, katika misitu ya Walikale, wako Wanyanga. Huko mwaka 1956 mtaalamu wa Kibelgiji, Daniel Biebuyck, alimsikiliza msimulizi aitwaye Shé-Kárisi Rureke kwa siku 12, akisimulia, akiimba na kucheza, huku wasaidizi wakigonga vijiti. Maneno yake yaliandikwa na kuchapishwa mwaka 1969, Biebuyck akishirikiana na Kahombo Mateene. Ni utenzi wa Mwindo.

Chifu Shemwindo wa Tubondo aliwaoa wake saba akaamuru wote wazae wasichana, kwani mtoto wa kiume angeuawa. Sita wakatii. Wa saba akamzaa Mwindo, aliyetoka kwa mama yake akicheka, akisema na kutembea, mkononi ameshika usinga wake wenye nguvu. Jina lake la sifa ni Kabutwa-kenda, na msomaji wa Kiswahili atalielewa bila kufundishwa: kazaliwa, akaenda. Baba akamtupia mikuki, ikakosa. Akamzika hai, akatoka kaburini. Akamfungia ndani ya ngoma na kumtosa mtoni, na ngoma ikasafiri majini kumtafuta shangazi yake Iyangura, aliyeolewa na nyoka mkuu wa maji, Mukiti. Nyoka wa majini tena! Mama mkwe wako hayuko peke yake.

Mwindo akarudi na wajomba zake kupigana na baba yake, na Nkuba, bwana wa radi, akauteketeza mji. Shemwindo akakimbilia kuzimu. Mwana akamfuata, huku shangazi akibaki juu ameshika ncha ya kamba iliyofungwa kwake, ili ajue kama kijana yu hai. Huko alikutana na Kahindo, msichana mwenye vidonda, akamwosha. Naye akamfunulia hila za baba yake Muisa, bwana wa kuzimu. Muisa akampa kazi zisizowezekana, kama kupanda shamba la migomba na kuvuna siku ile ile. Akazitimiza zote, akaendelea kumsaka baba yake hadi kwa Sheburungu, ambaye alicheza naye kamari na kushindwa.

Aeneas naye alishuka kuzimu kumwona baba yake. Hapo ndipo tenzi hizi mbili, zilizotungwa na watu wasiojuana kabisa, zinaposimama uso kwa uso, na hapa naomba askari wote wanisikilize. Baba wa Aeneas, huko kuzimu, alimwonyesha Warumi watakaozaliwa na kuwausia kwamba kazi yao ni kuwavunja wenye kiburi na kuwahurumia walioshindwa. Ni usia mzuri. Lakini utenzi unakwisha hivi: adui yake Turnus yuko chini, amejeruhiwa pajani, ameinua mkono, amekiri kushindwa, anaomba. Aeneas anasitasita. Kisha anauona ukanda ambao Turnus alimvua rafiki yake kijana, Pallas, baada ya kumwua. Hasira inampanda, anamchoma upanga. Utenzi unaishia hapo hapo. Tangu hapo wasomaji wanabishana kama shujaa alitenda haki au aliusahau usia wa baba yake.

Mwindo alikuwa na sababu kubwa kuliko ya Aeneas, maana aliyemkosea alikuwa baba yake mzazi. Alimrudisha nyumbani, akawafufua watu wa Tubondo kwa usinga wake, wakaitisha baraza. Shemwindo akakiri makosa yake mbele ya wote. Mwindo akamsamehe, wakagawana nchi.

Wala haikuishia hapo. Baadaye Kirimu, zimwi la vichwa saba, pembe saba na macho saba, likawameza wawindaji wa Mwindo. (Wenye masikio watasikia katika jina hilo zimwi, mzimu na kuzimu.) Mwindo akaliua, likakatwa, na waliomezwa wakatoka tumboni. Katika kitabu chochote cha mashujaa hapo pangepigwa ngoma. Lakini Kirimu alikuwa rafiki wa Nkuba. Bwana wa radi akashuka, akamchukua Mwindo juu mbinguni kwa mwaka mzima, katika baridi, mvua na jua kali, usinga wake hauna nguvu tena. Mvua, Mwezi, Jua na Nyota wakamkemea kwa majivuno yake, na akakatazwa kuua wanyama. Aliporudi aliwapa watu wake sheria: walime vyakula vingi, wakae katika nyumba nzuri, wasigombane, wasimcheke kilema.

Mimi nawapenda wote wawili, lakini nikipangwa kambi moja na mmoja wao, ningeomba Mwindo. Najua wapo watakaonipinga na kusema Aeneas alilipa deni la rafiki, na waandike.

Ama kuhusu mtoto aogopaye maji, bwana, dawa yake haimo katika marufuku. Nenda naye mtoni wewe mwenyewe, mchana, pamoja na kaka yake. Mwonyeshe pasipovukika na pa kutekea, umweleze mawe yale yalitoka wapi. Kisha mwulize Ndyoka alifanya nini baadaye, maana bila shaka bibi hakumaliza, watoto walisinzia. Na kijana mkubwa apewe kazi ya kumsomea bibi yake habari za Polyphemus, aseme yeye kama anamfahamu.

Likizo ijayo wapeleke watoto mwenyewe. Usimwendee mama mkwe mikono mitupu, kwani hata Rureke, katika zile siku 12, alikuwa akitunzwa shanga na fedha kadiri alivyosimulia. Pitia Katwe ununue chumvi, ongeza sukari na kipande cha sabuni. Mwamkie, kaa mahali atakapokuonyesha, na umwombe yeye aanze.