Hukumu Juu ya Pietro Raimondi

Wako watu wasemao kwamba dunia ni hakimu mwadilifu wa kazi za sanaa: kilicho chema hudumu, na kilichosahauliwa kilistahili kusahauliwa. Msomaji, usiwasadiki upesi. Waulize kwanza habari za Pietro Raimondi.

Mtu huyu alizaliwa Roma mwaka 1786, akajifunza muziki Napoli, akatunga opera zipatazo 60. Nyingi alizitunga mbiombio, kama ilivyokuwa desturi ya majumba ya michezo ya siku zile, wala sioni haja ya kuzitetea. Moja, Il ventaglio, iliyoonyeshwa Napoli mwaka 1831, ilipendwa sana. Lakini moyo wake ulikuwa katika ufundi mwingine: kuzifuma sauti nyingi pamoja hata kila moja ishike njia yake bila kugombana na nyingine.

Ufundi huo aliufikisha kileleni kwa visa vitatu vya Biblia, Potifa, Yusufu na Yakobo, alivyovitunga viimbwe bila kuigizwa. Mnamo Agosti 1852, katika jumba la Teatro Argentina mjini Roma, viliimbwa kimoja baada ya kimoja. Kisha vikaimbwa vyote vitatu kwa wakati mmoja, kwaya tatu na okestra tatu, watu wapatao 400. Fikiri! Sisi watatu tukisema pamoja hutoa makelele tu. Yeye alipanga mamia waimbe maneno mbalimbali na muziki mbalimbali, na vyote vikapatana. Yasimuliwa kwamba wasikilizaji walishangilia hata mtungaji mwenyewe akazimia. Mwaka ule ule alifanywa mkuu wa muziki katika Kanisa la Mtakatifu Petro. Akafa Oktoba 1853.

Wanaombeza husema kwamba ile ilikuwa hesabu, si muziki. Wamejuaje? Kitabu kilichotupwa kabatini hungoja msomaji mmoja tu akifungue. Muziki ule hungoja watu 400, na jumba la kuwatosha, na fedha ya kuwalipa. Aukataaye bila kuusikia ni kama mgeni alaaniye karamu kwa kuhesabu vyungu jikoni.

Nakiri kwamba mnamo Januari 1853, mjini Roma humo humo, opera ya Verdi iitwayo Il trovatore ilionyeshwa kwa mara ya kwanza, na nyimbo zake mtu mmoja aliweza kuondoka nazo kinywani akienda zake nyumbani. Hilo si jambo dogo, wala simpunji Verdi haki yake. Lakini tangu lini wepesi wa mzigo ukawa ndio thamani yake? Nahodha hawezi kubeba jahazi begani.

Basi yeyote atakayekuambia kwamba Raimondi alisahauliwa kwa haki, hata akiwa ni mwalimu wako, mwulize kwa adabu ameusikia wapi muziki ule, na waimbaji walikuwa wangapi.