Nyasi Nayo Ina Haki Yake



Kikombe cha chai ya maziwa tunachokinywa asubuhi hapa pwani mara nyingi hujazwa na watu wa bara. Huko Sotik, katika kaunti ya Bomet, chai na ng'ombe wa maziwa hulelewa katika shamba moja, na kiwanda cha maziwa cha New KCC kipo mjini humo. Wiki hii tumependa kuzungumza juu ya kitu kisichoonekana kikombeni, nacho ni nyasi ya ng'ombe.

Chai huvunwa jani, na nyasi vilevile. Mmea unaovunwa jani huhitaji nitrojeni kwa wingi, kwani ndiyo inayojenga protini na kulipa jani ukijani wake. Mkulima wa chai alijua hilo zamani, na mbolea ya NPK huipokea kupitia kiwanda chake. Lakini matete, yaani nepia, mara nyingi hupandwa pembezoni. Hukatwa, hubebwa hadi zizini, huchipua na kukatwa tena, bila ya kurudishiwa chochote. Tupige hesabu: tani moja ya nyasi kavu yenye protini asilimia 8 huondoka na nitrojeni ipatayo kilo 13. Hicho ndicho kiasi kilichomo katika mfuko mzima wa kilo 50 wa mbolea ya CAN.

Nani hulipa deni hilo? Kwa desturi ya kaya nyingi za Wakalenjin, maziwa ya asubuhi huuzwa na fedha zake zikawa za baba, na maziwa ya jioni huwa ya mama na watoto. Nyasi ikidhoofika, maziwa hupungua. Yale ya asubuhi yana mnunuzi anayeyangoja; basi si vigumu kuona ni fungu la nani litakaloguswa kwanza.

Dawa ya kwanza haiuzwi dukani. Sehemu kubwa ya nitrojeni anayoila ng'ombe hutoka katika mkojo na kinyesi chake. Mkojo ukiachwa upotee, na samadi ikianikwa juani, mali hiyo hupaa. Ile harufu kali ya zizi ndiyo nitrojeni inayoondoka. Basi mkojo ukingwe, samadi ifunikwe kivulini, kisha ifukiwe baina ya mistari ya matete kila baada ya kukata. Wengine hupanda desmodi kati ya mistari. Huo ni mmea wa jamii ya kunde, na vijidudu vya mizizini mwake huinasa nitrojeni ya hewani.

Mwenye uwezo wa kununua na anunue, ila ajue anachonunua. Mfuko wa kilo 50 wa urea una nitrojeni kilo 23. Ikiachwa juu ya udongo wenye umande na jua likawaka, sehemu yake hugeuka hewa. Kwa hiyo ifukiwe. Ikitiwa kabla ya mvua ya mafuriko, huishia mtoni.

Tena kuzidisha ni hatari. Nyasi iliyotiwa mbolea nyingi kisha ikapatwa na ukame hurundika naitreti, hasa sehemu ya chini ya bua. Ng'ombe akiila kwa wingi, damu yake hushindwa kubeba hewa, hugeuka rangi ya kahawia, naye huweza kufa kabla ya daktari kufika. Nyasi ya namna hiyo isikatwe mara tu mvua inaporudi. Ingojewe ikue, na bua la chini liachwe shambani.

Nanyi mliofunga ng'ombe mmoja au wawili Kilifi na Kwale, ambako mchanga haushiki rutuba kwa muda mrefu, hesabu hii ni yenu pia. Kabla ya kumlaumu ng'ombe kwa uchache wa maziwa, tazameni ni lini nyasi yake ilirudishiwa haki yake.