Kabla hujanunua kipoza cha maji chenye taa, skiza kidogo

Kuna tabia imeingia kwa vijana wanaojiundia kompyuta za mezani hapa mjini, na wacha tuiongelee wazi. Msee anaweka akiba miezi sita, anachanga za hasla, ananunua prosesa ya maana na kadi ya grafiki ya kutosha, halafu pesa yote iliyobaki inaenda kwa kipoza cha maji chenye taa za rangi saba na kiskrini kidogo cha kuonyesha katuni. Akipiga picha ya meza yake usiku, kweli inatoka fiti. Muulize sasa alikichagua kwa nini. Atakwambia tu, "Buda, si unaona vile kinakaa?"

Mimi nasema hivi: kwa wengi wetu, kipoza cha hewa cha bei ya kati kinatosha kabisa. Wanaohitaji zaidi ya hapo ni wachache, na wengi wao wanajijua. Pesa ya ziada unayomwagia taa ingekununulia RAM, ama SSD ya pili, ama UPS ya kukuokoa stima ikipotea ukiwa katikati ya kazi.

Nasisitiza kazi kwa sababu kompyuta ya mezani kwa kijana wa leo si mdoli. Kuna wanaohariri video za harusi na ruracio, kuna maprodyuza wa mitaani, kuna wanaochora majengo, kuna wale wa kazi za mtandaoni ambao mteja yuko ng'ambo na hajui kwako ni bedsitter. Mashine ikianza kujivuta saa nane usiku na video inatakiwa asubuhi, hasara ni yako. Na mara nyingi inajivuta kwa sababu ya joto. Prosesa za kisasa haziungui zikipata moto sana, zinajipunguzia kasi. Nyingi za Intel zinaanza kujizuia zikifika nyuzijoto 100, na Ryzen nyingi za kizazi cha 7000 zinagota nyuzijoto 95. Kwa hivyo unaweza kulipia prosesa ya haraka, halafu ukae nayo mwaka mzima ikikupa kasi ya ile ya bei nafuu bila wewe kujua.

Sasa hiki kipoza cha hewa kinafanyaje kazi? Wengi wanadhani ni kipande cha chuma na feni, basi. Uhondo wenyewe uko kwa yale mabomba ya shaba. Kila bomba limefungwa kabisa, hewa imetolewa ndani, na kimewekwa kimiminika kidogo tu, mara nyingi maji. Upande ulioshikana na prosesa ukipata moto, maji yanageuka mvuke hata kabla ya kufika nyuzijoto 100, kwa sababu ndani hakuna shinikizo la hewa. Mvuke unakimbia hadi juu kwenye mapezi ya alumini, feni inayapuliza, mvuke unapoa na kurudi kuwa maji, na maji yanarudi chini yakinyonywa na utambi uliopakwa ukutani mwa bomba. Mzunguko huo hauhitaji pampu wala stima. Mimi chuo niliacha njiani, lakini hii fizikia bado inanifurahisha kuliko chochote nilichosomea darasani.

Ndiyo maana idadi ya mabomba na ukubwa wa mapezi ni muhimu kuliko taa. Kipoza cha mabomba mawili na mnara mmoja kinafaa prosesa ndogo. Cha mabomba manne na mnara mmoja kinabeba prosesa za kati. Ukisikia cha nguvu, mara nyingi ni minara miwili, mabomba sita au saba, na feni mbili.

Na usiamini zile wati zilizoandikwa kwa boksi la kipoza. Hakuna kipimo kimoja ambacho kampuni zote zimekubaliana, kwa hivyo mmoja anaandika 220, mwingine 260, kila mtu na mizani yake. Noctua ya Austria iliachana na mchezo huo ikaunda kipimo chake chenyewe, na orodha ya prosesa ambazo kila kipoza chake kinaziweza. Anza na prosesa yako. Ryzen 5 7600 imeandikwa wati 65 lakini inaweza kuvuta hadi 88. Core i5-12400 imeandikwa 65, ila Intel yenyewe inakubali kuwa inaweza kupanda hadi 117. Ryzen 9 7950X imeandikwa 170 na inafika 230. Core i9-14900K inafika 253. Ukiona hizo namba utajua kwamba mwenye i5 na mwenye i9 hawawezi kupewa ushauri mmoja, na wote wawili wakinunua kipoza kimoja kuna mmoja amepoteza pesa.

Mwenye Ryzen 5 ya kawaida, kile kipoza kidogo kilichokuja kwa boksi kitaibeba, ila kitapiga kelele kama posho mill. Cha mnara mmoja kitakunyamazishia hiyo kelele. Mwenye Ryzen 7 ama i7, nenda minara miwili. Hapa ndipo soko limebadilika sana. Mwaka wa 2014 Noctua walitoa NH-D15, na kwa miaka mingi hicho ndicho kilikuwa mfalme wa hewa. Kisha Thermalright wakaja na Peerless Assassin 120 SE: minara miwili, mabomba sita, feni mbili, bei ya ng'ambo ni dola 35 hadi 40 hivi. Hiyo ni kama Sh4,500 hadi Sh5,200 kabla ya usafiri na ushuru. Wakaguzi wengi waliovipima pamoja wameona tofauti ya nyuzi chache tu. Noctua mpya, NH-D15 G2 ya 2024, ina mabomba manane na ilianza kuuzwa karibu dola 150. Ni kipoza kizuri ajabu, na kampuni hiyo ina sifa ya kutuma vifungio vya soketi mpya kwa wateja wake wa zamani bure. Lakini dola 110 zaidi kwa nyuzi chache? Kama baba yako si mheshimiwa, tulia.

Kabla hujalipa, shika rula. Hapa ndipo watu wanalilia. NH-D15 ina urefu wa milimita 165, G2 ni 168, Peerless Assassin 120 SE ni 155. Kila kasha lina kipimo chake cha juu kabisa cha kipoza, kimeandikwa kwa tovuti ya mtengenezaji. Kasha jembamba halifungiki na kipoza kirefu, na hakuna fundi atakayekusaidia isipokuwa kwa kukata bati. Angalia RAM pia. Feni ya mbele ya vipoza vikubwa huning'inia juu ya RAM, na chini ya NH-D15 ile ya kwanza kuna nafasi ya milimita 32 tu. RAM zenye taa na pembe za juu zinakulazimisha uinue feni, na ukiinua feni urefu wote umebadilika, rudi tena kwa rula. Halafu soketi: AM4 na AM5 zinatumia matundu sawa, ingawa sahani ya nyuma ya AM5 haitoki, kwa hivyo kipoza cha zamani kinachokuja na sahani yake hakitaingia. Intel wa LGA1700, yaani kuanzia kizazi cha 12, walipanua matundu kidogo. Ukiuziwa kipoza cha mtumba cha i5 ya zamani, itisha vifungio vya LGA1700 ama uachane nacho.

Wale wenye mashine za ex-UK, zile Dell OptiPlex na HP EliteDesk za maofisi, nawaonea huruma maana mnadanganywa sana. Nyingi zina bodi za umbo lake pekee, plagi ya feni isiyofanana na za kawaida, na kasha fupi. Kipoza kikubwa hakitaingia, na hata kikiingia baadhi ya mashine hizo zitakulalamikia kila ukiwasha kwamba feni haionekani. Kwa hizo, badilisha grisi ya prosesa, toa vumbi, na uweke pesa kando kwa mashine ijayo.

Kuna jambo ambalo video za Marekani na Ujerumani hazitakwambia: zimepimwa kwa vyumba vya nyuzijoto 20 hivi. Kipoza cha hewa, na hata cha maji, hakiwezi kushusha joto chini ya hewa ya chumba. Kinachopimwa ni tofauti. Kama prosesa yako iko nyuzi 50 juu ya chumba, basi Nairobi mwezi wa Julai chumba kikiwa 20 utaona 70. Mashine hiyo hiyo ikipelekwa Mombasa mwezi wa Machi, chumba kiko 32, utaona 82 hivi. Ndugu zetu wa Pwani, Garissa na Lodwar, nyinyi ongezeni daraja moja la kipoza juu ya kile kinachopendekezwa.

Nairobi nayo isijisifu. Tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja kwa tano. Feni ikizunguka kwa kasi ile ile inasukuma ujazo ule ule, lakini ndani yake kuna hewa kidogo ya kubeba joto. Baridi ya Nairobi inakupa, mwinuko unakunyang'anya kiasi. Ni kama Mungu alipanga tusitambiane.

Basi kipoza cha maji kina kosa gani? Hakina kosa. Ukiwa na i9 ambayo inarenda mfululizo saa nzima kwa wati 253, chenye rejeta ya milimita 360 kitakusaidia, chukua. Shida ni kwamba kina pampu, na pampu ni kitu kinachokufa. Maji nayo hupungua polepole kupitia mipira miaka ikienda. Kikifa, unatupa kipoza chote, na kama ulikiagiza kutoka nje, dhamana yako iko ng'ambo na nauli ya kukirudisha ni yako. Kipoza cha hewa kina kitu kimoja tu kinachosonga, feni. Feni ikikufa unashuka tao, unanunua nyingine ya milimita 120, unaifunga na vile vijiwaya, na jioni uko kazini. Hata ikikufa usiku wa manane, lile rundo la chuma bado linapumua kidogo na mashine inakuwa polepole badala ya kuzima. Kwa mtu ambaye mashine moja ndiyo inalipa nyumba, hiyo tofauti ni kubwa kuliko nyuzi tano.

Na kuna upoaji wa bure ambao hakuna duka litakuuzia. Ingia BIOS. Kwa Ryzen kuna kitu kinaitwa Eco Mode, kwa Intel kuna mipaka ya wati unayoweza kuishusha. Prosesa nyingi za juu zimesukumwa hadi mwisho kiwandani ili zishinde kwa chati. Ukizipunguzia wati unapoteza kasi kidogo lakini joto linashuka sana. Jaribu hiyo wiki moja kabla hujafungua M-Pesa. Angalia pia kasha lenyewe. Kioo mbele ni kizuri kwa macho, ila feni haivuti hewa kupitia kioo. Tafuta lenye wavu. Litoe ndani ya kabati ya TV. Na kama unaishi kwa wazazi, zungumza na mama kwa heshima kuhusu kile kitambaa cha kufuma alichokitandika juu ya matundu.

Siku ya kufunga, feni zote zielekee njia moja, hewa iingie mbele na itokee nyuma. Skrubu zikazwe kwa zamu, kidogo huku kidogo kule, usimalize moja kabla ya nyingine. Grisi kiasi cha punje ya mbaazi inatosha. Toa ile plastiki ya kinga chini ya kipoza. Wapo waliofunga nayo na wakalaumu kampuni. Vumbi utoe kila baada ya miezi mitatu hivi, na kama unaishi karibu na barabara ya murram fanya kila mwezi, ukishikilia feni na kidole isizunguke unapopuliza.

Ukihama mwisho wa mwezi, kumbuka NH-D15 na feni zake ina uzito wa zaidi ya kilo moja na robo, na yote inaning'inia kwa bodi. Mkokoteni na boda hazina huruma. Ama utoe kipoza, ama ulaze kasha kwa ubavu ili kipoza kisimame wima, ulibebe mapajani kama keki ya harusi hadi nyumba mpya.

Ukishawasha huko, endesha Cinebench dakika kumi huku HWiNFO ikiwa wazi pembeni. Soma joto, soma pia kasi. Joto likiwa 85 na kasi haishuki, lala. Ikigonga 95 sekunde ya tatu na kipoza ni kikubwa, zima, fungua, uangalie hiyo plastiki.